Mashine ya TIG: Tuijue Kabla ya Kuinunua



Katika ghala la chama kimoja cha maziwa ipo mashine ya kuchomelea vyuma iliyofunikwa kwa gunia. Rangi yake bado yang'aa. Ilinunuliwa kwa fedha za wanachama, shilingi zilizokatwa katika malipo ya maziwa mwezi baada ya mwezi, ili itengeneze mikebe ya alumini iliyopasuka. Mpaka leo haijatengeneza hata mkebe mmoja. Si kwamba imeharibika, la. Ni nzima kabisa. Ila kazi ile siyo kazi yake, wala haitakuwa.

Nalijua jambo hili kwa sababu wanakamati waliniletea ofisini kitabu kilichokuja ndani ya sanduku la mashine. Mweka hazina wao, mama mtu mzima, alikiweka juu ya meza yangu akasema, "Mwalimu, tusomee. Fundi anasema mashine ina kosa, na mwenye duka anasema fundi hajui kazi. Sisi twataka kujua nani mwongo."

Nilikisoma. Ukurasa wa tatu ulieleza wazi kwamba mashine ile hutoa umeme wa mkondo mnyoofu peke yake, nayo ni ya chuma cha kawaida na chuma kisichoshika kutu. Alumini haikutajwa popote. Nikamwambia, "Mama, mashine haina kosa, na fundi naye hana kosa." Akauliza, "Basi kosa ni la nani?"

Siku ile sikuwa na jibu la haraka. Leo nataka kulitoa, kwa maana najua viko vikundi vingine katika skimu zetu vinavyofikiria kununua mashine hii ya TIG. Wengine wamekwisha kuomba mkopo. Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, na sasa ni karani wa ofisi ya kilimo. Lakini nimekaa na mafundi, nimesoma vitabu vyao, na nimeona hesabu za vyama. Maoni yangu ni haya: mashine ya TIG ni chombo kizuri kwa chama cha maziwa, lakini kwa mkulima mmoja ni mzigo, na hata chama kisiinunue kabla ya kujibu maswali nitakayoyataja hapa.

MASHINE HII HUFANYAJE KAZI?

Wengi wetu twaijua njia ya kawaida ya kuchomelea, ile ya fito. Fundi hushika ufito wenye unga uliogandishwa, akaugusisha kwenye chuma, moto wa umeme ukawaka. Ufito wenyewe huyeyuka na kuwa sehemu ya mshono, na ule unga huungua na kutoa moshi unaoufunika mshono usiguswe na hewa. Mwisho hubaki gamba jeusi ambalo fundi hulibandua kwa nyundo.

Njia ya TIG ni tofauti. Herufi hizo tatu ni za maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni tungisteni na gesi isiyochanganyika na kitu. Tungisteni ni madini magumu ambayo hayayeyuki mpaka joto lifike kiasi cha digrii 3,400. Chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538, na alumini kwenye digrii 660 tu. Basi fundi hushika tochi yenye ncha ya tungisteni. Moto wa umeme huruka kutoka kwenye ncha hiyo hadi kwenye kazi, chuma kikayeyuka na kufanya kidimbwi kidogo, lakini ncha yenyewe haiyeyuki. Kwa mkono wa pili fundi huchovya waya wa kujazia ndani ya kidimbwi, tone baada ya tone. Mguu wake hukanyaga kibati cha kuongeza au kupunguza moto, kama mshonaji na cherehani yake.

Wakati huo huo gesi ya agoni hutoka kwenye tochi, kiasi cha lita 8 kwa dakika, ikaizunguka ncha na kidimbwi. Agoni imo katika hewa tunayovuta, karibu sehemu moja katika kila mia. Haiwaki, haina rangi wala harufu, na haishikamani na kitu chochote. Kazi yake ni kuifukuza hewa tu, maana chuma kilichoyeyuka kikiguswa na hewa huwa na matundu kama mkate. Kwa hiyo mshono wa TIG hauna gamba, hauna cheche, na ukifanywa vizuri huwa laini kama magamba ya samaki yaliyopangwa.

Njia hii ilianza Marekani katika kiwanda cha ndege cha Northrop. Mtu mmoja aitwaye Russell Meredith alikuwa akitafuta jinsi ya kuunga magnesiamu, madini mepesi yanayoshika moto upesi. Alitumia gesi ya heliamu na ncha ya tungisteni, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1942. Naitaja habari hii kwa sababu moja: mashine hii ilibuniwa kwa kazi nyembamba na safi. Haikubuniwa kwa majembe ya trekta.

MKONDO WA UMEME: HAPA NDIPO FEDHA HUPOTEA

Sasa tufike kwenye jambo lililokiumiza kile chama. Umeme wa kuchomelea ni wa namna mbili. Wa kwanza huenda upande mmoja siku zote. Huo ndio mkondo mnyoofu, na juu ya mashine huandikwa DC. Wa pili hubadili mwendo, huku na huku, mara nyingi kwa kila sekunde. Huo ndio mkondo geu, na alama yake ni AC.

Chuma cha kawaida na chuma kisichoshika kutu huchomelewa kwa mkondo mnyoofu. Lakini alumini ina utando mgumu juu yake, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660, bali utando wake hauyeyuki mpaka digrii zipite 2,000. Fundi akitumia mkondo mnyoofu wa kawaida, alumini ya ndani huyeyuka huku utando umesimama juu. Waya wa kujazia hauingii, na mwisho chuma huanguka chini na kuacha tundu kubwa kuliko ule ufa wa kwanza.

Mkondo geu hutatua shida hiyo. Umeme ukienda upande mmoja huupasua utando. Ukirudi upande wa pili huleta joto la kuyeyusha. Kwa hiyo, mkulima mwenzangu, ukitaka kuchomelea alumini tafuta mashine iliyoandikwa AC na DC pamoja. Iliyoandikwa DC peke yake ni ya bei ndogo, na ndiyo inayojaa madukani, lakini kwa mkebe wa alumini haina faida.

KAZI AMBAZO SI ZAKE

Plau imevunjika, trela limepasuka, lango limeng'oka bawaba: hizo ni kazi za fito. Chuma chake ni kinene, kina kutu na rangi na udongo, na mara nyingi kazi hufanywa nje. TIG haipendi uchafu. Tena haipendi upepo. Mtu wa Kinangop hahitaji kuambiwa upepo ni nini. Upepo ukipita juu ya tochi huipeperusha agoni, na mshono huharibika pale pale. Fundi mwenye mashine ya fito atamaliza trela lako kwa nusu ya muda, na kwa fedha kidogo zaidi.

Basi nasema wazi: mkulima mmoja mwenye ekari zake chache, ng'ombe wanne na mkokoteni, asinunue TIG. Ampe kazi fundi wa jua kali wa karibu, na fedha zake anunulie chakula cha ng'ombe.

KAZI AMBAZO NI ZAKE

Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa kuwa skimu, maziwa yamekuwa mshahara wa nyumba nyingi za Nyandarua na kwingineko. Nayo maziwa hupotea kwa njia ndogo ndogo. Mkebe wenye ufa huvuja. Ukizibwa kwa gundi au kwa lehemu ovyo, hauvuji tena, lakini ule ufa huwa nyumba ya vijidudu. Maji ya moto hayafiki, brashi haifiki, na maziwa ya jioni huwa yameharibika kabla ya gari la asubuhi. Tena lehemu ya zamani huwa na risasi, ambayo ni sumu, na haifai kabisa kugusa chakula. Maziwa yakikataliwa kwenye mizani, mkulima hulaumu mpokeaji. Pengine angeangalia kwanza ndani ya mkebe wake.

Hapa TIG ina faida kubwa. Huweza kuunga bati jembamba la milimita moja na nusu bila kulitoboa, na mshono wake waweza kusuguliwa mpaka ukawa laini sawa na mkebe wenyewe. Mikebe ya alumini, ndoo za kukamulia za chuma kisichoshika kutu, mabomba ya kupitishia maziwa, hivyo vyote ni kazi yake.

Lakini tuangalie jambo ambalo wengi hawaliangalii. Katika chombo cha maziwa, upande wa mshono ulio na maana ni wa ndani, si wa nje. Fundi akichomelea chuma kisichoshika kutu kutoka nje, agoni huulinda upande wa nje tu. Upande wa ndani huguswa na hewa ukiwa wa moto, nao hufanya vidonge vyeusi vilivyokwaruzika kama sukari iliyoungua. Kwa nje mshono wapendeza. Kwa ndani ni pango la vijidudu, na kutu itaanzia hapo. Fundi anayejua huipeleka agoni ndani ya chombo pia, akasubiri hewa itoke, ndipo achomelee. Kwa hiyo unapopokea kazi ya fundi usitazame kwa nje ukasifu. Pitisha kidole ndani. Kikikwama, kazi haijaisha.

Mikebe ya alumini nayo ina masharti yake. Yafaa ioshwe mpaka magamba ya maziwa yatoke, ikaushwe, kisha ufa usuguliwe kwa brashi ya waya usioshika kutu ambayo haijagusa chuma kingine. Kila mwisho wa ufa utobolewe tundu dogo, ili ufa usiendelee mbele joto litakapoingia. Fundi asiyefanya haya atakurudishia mkebe wenye ufa mpya kando ya ule wa zamani.

Ama tangi kubwa la kupozea maziwa, fundi wa kijijini asiliguse. Kuta zake zina njia za gesi ya kupozea ndani yake. Hiyo ni kazi ya wenye ujuzi wa matangi hayo.

HESABU YA GESI NA UMEME

Mtu hununua mashine mara moja, lakini gesi huinunua siku zote. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa kani ya bari 200 hutoa kiasi cha lita 10,000 za agoni. Kwa lita 8 kila dakika, hizo ni dakika 1,250, yaani karibu saa 21 za moto. Tuseme kuziba ufa mmoja kwachukua dakika 5 za gesi, pamoja na ile inayoachwa itoke baada ya moto kuzimwa ili kuilinda ncha: mtungi utatosha kama mikebe 250. Mtungi mdogo wa lita 10 utatosha mikebe 50 tu, na safari za kuujaza ni zile zile.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya mashine, ulizeni agoni yapatikana wapi, mtungi ni wa kukodi au wa kununua, na gari la kuuleta litalipwa nini. Gesi ya kupikia si badala yake, wala gesi ya makaa ya fundi wa magari. Zote mbili zitaiharibu kazi, na ya kupikia yaweza kulipuka. Kisha hesabuni mikebe mibovu ya chama kizima. Ikiwa ni kumi kwa mwaka, ipelekeni mjini kwa fundi mwenye TIG na msahau habari ya kununua. Ikiwa ni mia, haya, kaeni mzungumze.

Upande wa umeme, mashine hizi za kisasa si walafi. Kwa amperi 130, zinazotosha alumini ya milimita 3, huvuta kiasi cha kilowati 2 au 3. Njia ya fito kwa amperi hizo hizo huvuta zaidi. Lakini nyaya za jengo ziwe nzuri, na jenereta ndogo ya kuwashia taa haitoshi.

HATARI ZAKE

Mwanga wa TIG huunguza macho na ngozi. Mtu huusikia usiku, macho yakiwa kama yametiwa mchanga. Fundi avae ngao ya uso, glavu na mikono mirefu, na watoto wasisimame kutazama. Moshi wa chuma kisichoshika kutu una sumu, basi madirisha yawe wazi. Bati lililopakwa zinki lisuguliwe kwanza, maana moshi wake huleta homa. Dawa za kusafishia breki zisitumike kusafisha kazi. Zile zenye klorini, zikipata moto huo, hutoa gesi inayoweza kuua.

Na kuna hatari moja isiyoonekana. Agoni ni nzito kuliko hewa. Ikitoka ndani ya tangi hukaa chini kama maji kisimani. Mtu akiingia humo hatasikia harufu wala kikohozi. Ataanguka tu, na atakayeruka kumwokoa ataanguka juu yake. Kwa hiyo mtu yeyote asiingie wala asitie kichwa ndani ya chombo kilichotiwa agoni mpaka kimepigwa upepo wa kutosha. Na pipa lililowahi kutiwa petroli au dizeli lisichomelewe kamwe, kwa njia yoyote.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Wako watakaosema, "Mkebe mpya ni afadhali kuliko mashine." Kwa mtu mmoja ni kweli. Wengine watasema, "Tununue ile ya bei ndogo kwanza, nyingine baadaye." Hao ndio niliowaona na gunia lao ghalani. Nami nasema, chama chenye mikebe ya kutosha na kijana wa kuisimamia kitafaidika, mradi kifuate mambo haya.

Kwanza, fundi kabla ya mashine. Mkono wa TIG haujifunzwi kwa wiki moja. Pelekeni vijana wawili kwenye chuo cha ufundi cha kaunti, wafanye mtihani wa ufundi wa serikali wapate cheti. Wawe wawili, kwa sababu mmoja akipata kazi Nairobi, chama kisibaki na chuma kitupu.

Pili, mashine iwe ya AC na DC, ya amperi 200. Iweze kuwasha moto bila ncha kugusa kazi, kwa kuwa ncha ikigusa kidimbwi huchafuka na lazima inolewe upya. Iwe na kibati cha mguu. Nyingi huweza pia kuchomelea kwa fito, basi chama hupata mashine mbili kwa bei ya moja.

Tatu, ulizeni mashine yaweza kuchomelea dakika ngapi katika kila kumi kwa amperi mtakazotumia. Ikiandikwa asilimia 60, maana yake ni dakika 6 za kazi na 4 za kupumzika. Amperi kubwa zilizoandikwa ubavuni, zenye asilimia ndogo, ni sifa za duka tu.

Nne, ulizeni ncha na vikombe vya tochi vyapatikana wapi. Ncha zenye alama nyekundu zina thori, na vumbi lake la kunolea si jema kuvutwa. Ziko nyingine zisizo na madini hayo.

Tano, na hili ndilo kubwa: nendeni dukani na mkebe wenu uliopasuka. Mwambieni mwenye duka, "Tuchomelee huu kwa mashine hii, tuone." Akiweza, lipeni na mchukue stakabadhi yenye dhamana ya maandishi. Asipoweza, rudini na fedha zenu na mkebe wenu. Hamjapoteza ila nauli.

Sasa namjibu yule mama. Mama, wanakamati waliingia dukani wakauliza, "Mna TIG?" Mwenye duka akasema anayo, naye hakusema uongo. Hakuna aliyemwambia itafanya kazi gani, na hakuna aliyefungua kitabu mpaka fedha zilipokuwa zimetoka. Kosa ni hilo, nalo ni letu sote tunaonunua jina la kitu tukasahau kazi yake. Mashine yenu yaweza kuuzwa kwa fundi wa milango ya chuma, au ikatengeneza ndoo za chuma kisichoshika kutu. Msiiache chini ya gunia mpaka panya waule waya.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkutano ujao wa chama chako, mkulima mwenzangu, kabla mtu hajanyosha mkono kuunga mkono ununuzi, simama uombe daftari lifunguliwe: mikebe mingapi, gesi wapi, fundi nani, mkondo gani. Majibu yakipatikana yote manne, nyosha mkono wako nawe. Likikosekana moja, kaa chini, na fedha zikae benki.